Moto wa Bibi Nyamizi

Modest alikuwa amesimama mlangoni kwao Itetemia, mikono nyuma kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha. Alipotuona tukitokea kwenye njia ya mashamba ya karanga, shangazi yangu mbele na mimi nyuma, alitabasamu, kisha akalificha tabasamu lake haraka kabla mama yake hajaliona. Mimi nikatazama chini. Nina tabia hiyo. Ninaweza kumchoma sindano mwanamume mwenye misuli ya kupasua kuni na mkono wangu usitetemeke, lakini Modest akinitazama natafuta kitu cha kuangalia ardhini.

"Inua uso, Katarina," shangazi Bernadeta alininong'oneza. "Hukuja kutafuta kipini kilichodondoka."

"Nimeinua."

"Umeinua nyusi tu."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na vumbi la njiani limelala. Tulikuwa tumetoka misa ya pili, tukapita nyumbani Gongoni kubadilisha viatu, kisha tukaenda kwa miguu kumjulia hali bibi yake Modest, Bibi Nyamizi, ambaye alikuwa mgonjwa. Hivyo ndivyo tulivyosema. Lakini kila mtu alijua kuwa mimi pia nilikuwa nakwenda kutazamwa. Modest alikwisha tuma mshenga kwetu, wazazi wangu walikwisha itikia, ikabaki siku ya ndoa.

Nami nilikuwa na habari ambayo nilikuwa sijamwambia hata yeye.

Ijumaa iliyopita Matroni Gangaben wa hospitali yetu alikuwa ameniita chumbani kwake. Mama yule, Mhindu mwenye sari nyeupe na saa kubwa kifuani, alikuwa ametuzoesha kuogopa hata kikohozi chake. Lakini siku hiyo alinivutia kiti.

"Katarina," alisema, "sauti yako ndogo sana. Madaktari hawaisikii. Lakini wale wazee wanaosahau wanaisikia, mimi nimeona. Nimepeleka jina lako Dodoma. Mwaka mmoja, utasomea kuwatunza wao tu. Unaanza Januari."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama nimetuliwa gunia. Tangu nimalize chuo cha uuguzi, wazee ndio walionigusa moyo kuliko wagonjwa wote. Wengi waliletwa na ndugu zao wakiwa na alama za kamba mikononi. Ndugu hawakuwa wabaya. Walikuwa wamechoka na hawakujua la kufanya, na mimi vilevile, mara nyingi, sikujua la kufanya. Nilitaka kujua.

"Karibuni, karibuni ndani," mama yake Modest alitupokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Hospitali hawawapi chakula?"

"Wanawapa wagonjwa," Masolwa, baba mdogo wake Modest, alidakia kutoka kitini kwake. "Wauguzi wananusa tu."

Tulicheka, tukakaa. Baba mdogo Masolwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile tangu Raymundi, baba yake Modest, alipofariki. Tuliletewa chai na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, bado vina joto. Modest alikaa mbali nami kama adabu inavyotaka. Alikuwa amevaa shati lake la kazini, lile analovaa stesheni kwenye ofisi ya vifurushi, limepigwa pasi mpaka linang'aa mabegani. Nililitazama shati. Uso nikauacha kwa ajili ya baadaye.

Kutoka chumba cha uani ilisikika sauti: ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Ndiye huyo," alisema mama. "Jua likianza kushuka, anaanza kugonga."

"Anagonga nini?" shangazi akauliza.

"Mlango. Tumeuwekea komeo kwa nje." Alisema hivyo huku akizungusha kikombe mkononi, hakututazama. "Msinione mkatili, Mama Bernadeta. Yule ni mama mkwe wangu, amenilea tangu nilipoletwa hapa nikiwa binti. Lakini kila jioni anataka kuwasha moto. Anasema watu wanakuja, awapikie. Watu gani? Hakuna watu! Kabla ya mvua aliwasha jikoni, upepo ukachukua cheche, paa lote likaungua. Ukimzimia moto wake, anapiga kelele mpaka majirani wanatoka na mapanga wakidhani tumeingiliwa na fisi."

"Mimi nilisema apelekwe kwa mganga," alisema baba mdogo Masolwa.

"Ulisema. Ukapelekwa wewe kwanza, ukarudi na dawa ya mgongo," mama akamjibu.

Hata baba mdogo alicheka. Kisha mama akaweka kikombe chini, akanigeukia, na nikajua kuwa sasa limefika lile tulilokuja kulisikia.

"Mwanangu Katarina, sikufichi. Modest aliponiambia anataka kuoa muuguzi, nilikataa. Nilisema muuguzi analala kazini, anashika wanaume asiowajua. Lakini akaniambia, 'Mama, huyu ana ujuzi na wazee kama bibi. Akija hapa, wewe utapumzika.' Ndipo nikakubali. Sasa tumezungumza na padri. Ndoa isisubiri Pasaka. Ifungwe mwisho wa Januari, kabla ya Kwaresima. Ukishaingia hapa, habari za hospitali basi. Mgonjwa wako yuko humu humu ndani."

Shangazi alinitazama. Mimi nilimtazama Modest. Modest alitazama chai yake.

Ko, ko, ko.

Moyo wangu ulikuwa ukigonga pamoja na mlango ule. Nilijua nikinyamaza sasa, adabu yangu itahesabiwa kuwa ndiyo.

"Mama," nilisema, "nashukuru kwa kunipokea. Lakini nimechaguliwa kwenda kusoma Dodoma. Mwaka mmoja. Naanza Januari."

Baba mdogo Masolwa ndiye aliyetangulia kusema.

"Kusoma nini tena? Si umeshasoma?"

"Kuwatunza wazee wanaopoteza kumbukumbu, baba mdogo."

"Kusomea wazee!" Alijipiga paja. "Jamani, uzee unasomewa? Si unakuja wenyewe? Kwani wazee wa Dodoma wanasahau kwa namna gani kuwapita wa kwetu?"

"Huyu anaondoka," mama alisema polepole, si kwangu bali kwa mwanawe. "Modest. Uliniambia atakuja kunisaidia, kumbe anaondoka."

Modest aliinua uso. Hakuwa amekasirika. Lingekuwa jambo jepesi kama angekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungiwa dirisha la tiketi akiwa wa kwanza kwenye foleni.

"Naomba kumwona bibi," nilisema, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumwona bibi, na kwa sababu kama ningekaa pale zaidi ningelia.

"Modest, mpeleke," alisema mama. "Wewe anakusikia kidogo."

Ukumbi wa kwenda uani ulikuwa mwembamba, umejaa magunia ya karanga za mbegu. Modest alitangulia, akasimama mbele ya mlango wenye komeo, akageuka. Hatukuwahi kuwa karibu hivyo bila mtu wa tatu. Alinukia sabuni ya mche na katani ya magunia ya stesheni.

"Dodoma," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeisikia sebuleni pamoja na baba mdogo. Mimi ni nani kwako, Kata? Mgeni wa chai?"

"Nilitaka kukuambia leo, utakapotusindikiza. Nawe mbona ulimwahidi mama yako kazi yangu bila kuniuliza?"

"Alikuwa amekataa. Nilikuwa nakutafutia njia ya kuingia kwetu."

"Njia gani? Amemkubali muuguzi, Modest. Katarina bado hajamkubali, hata hamjui."

Aligeukia mlango, akaligusa komeo.

"Mimi nilidhani umenipenda kwa sababu nyingine," niliendelea. "Kumbe nilikuwa naletwa nifungiwe komeo pamoja na bibi. Yeye ndani, mimi ndani."

"Usiseme hivyo."

"Niambie niseme vipi."

Aliegemeza bega ukutani. Aliokota karanga moja iliyodondoka kutoka kwenye gunia, akaigeuzageuza vidoleni.

"Nilikupenda ulipokuja kuchukua kifurushi cha dawa," alisema mwishoni. "Uliniita 'Ndugu Karani' huku ukiwa unaangalia mizani. Siku nzima niliionea wivu mizani. Ndiyo sababu. Hayo mengine niliyaongeza kwa mama kwa woga."

Nilitaka kubaki na hasira yangu. Nilikuwa na haki nayo. Lakini iliniteleza kidogo.

"Mwaka mzima, Kata."

"Mwaka."

"Watu wa Dodoma watakuona kila siku. Mimi nitaona vifurushi."

Ko, ko, ko. Mlango ulitetemeka kati yetu. Modest aliinua komeo.

Bibi Nyamizi alikuwa mdogo kuliko sauti ya ngumi zake. Alikuwa msafi, nywele zake nyeupe zimekatwa vizuri, khanga yake imefungwa na mtu mwingine. Nilipiga magoti, nikamwamkia kwa Kinyamwezi, nikimwita mama, "Mwadila, mayu," naye akaitikia kwa heshima zote za mwenyeji. Kisha akatazama mwanga wa jua ukutani, akashtuka.

"Kuni ziko wapi?" aliuliza, sasa kwa Kiswahili. "Jua linashuka. Watu wanakuja."

"Bibi, hakuna watu," Modest alisema kwa upole. "Mambo hayo yalikwisha. Hapa ni Itetemia. Mimi ni Modest, mtoto wa Raymundi."

"Raymundi yuko mgongoni," alisema bibi, na akapeleka mkono nyuma kumpapasa.

Mkono ulipapasa khanga tupu. Ukapapasa tena, huku na huku. Uso wake ulibadilika mbele ya macho yetu.

"Mtoto wangu! Mmemwacha njiani! Mmemwacha porini!"

Modest alirudi nyuma kama aliyepigwa. Nilimgusa mkono, mara ya kwanza kumgusa, nikamwonyesha kwa macho anyamaze. Matroni Gangaben alitufundisha jambo moja, hata kabla ya Dodoma: mzee wa namna hii usimuulize kama anakumbuka, wala usishindane naye. Muulize juu ya kile kinachoendelea mbele yake.

"Mayu, mtoto amepokewa," nilisema, nikaishika mikono yake. "Amepokewa na watu wake, amelala. Hajaachwa porini. Watu gani wanakuja? Nikusaidie kupika."

Alinitazama usoni. Pumzi yake ikatulia kidogo kidogo.

"Watu wa mizigo," alisema. "Wametoka pwani. Wamekwisha pita Igalula. Leo tunalala nje, kesho asubuhi wanaume wavae nguo mpya tuingie mjini kwa vigelegele. Wewe ni mke wa nani?"

"Bado sijaolewa, mayu."

"Basi utapata mume leo leo. Wanarudi na nguo." Akasimama. "Kuni."

"Twende tukawashe," nilisema.

"Kata!" Modest alishika kichwa. "Paa!"

"Tutawasha mbali na paa."

Mama alipotuona tukitoka na bibi aliinuka ghafla kitini. "Mnampeleka wapi? Umechanganyikiwa na wewe?"

"Mama, ardhi ina maji ya mvua na upepo hakuna," nilimjibu. "Naomba tumwache awashe katikati ya uwanja, sisi tukiwepo. Nataka kuona anachokitafuta. Tukishindwa, mlango upo."

Sijui kama alikubali au alikosa nguvu za kukataa. Modest alileta kuni na ndoo ya maji. Na pale, mbele ya mlango wa nyumba ile, bibi aliyekuwa amefungwa khanga na mtu mwingine alipanga mafiga matatu kwa jicho tu, akaweka vijiti vidogo chini na vikubwa juu, akainama akapuliza mara moja. Moto ukakubali.

"Mikono hiyo," mama alisema taratibu, "asubuhi ilishindwa kushika kijiko."

Bibi aliteleka chungu. Alikoroga maji matupu. Kila mara alikuwa akitazama njia inayotoka mashariki, ile ya watu wa Igalula, anasogeza ukuni ndani, anatazama tena. Kuku waliingia bandani. Jua likagusa miti ya miombo.

"Haya, tumeona," baba mdogo Masolwa alisema, akainua ndoo. "Sasa tuuzime kabla hatujaita majirani."

Bibi aliruka akasimama kati yake na moto, mikono ameitandaza. "Wa nyuma hajafika!" alipiga kelele. "Usizime! Wa nyuma hajafika!"

"Umeona? Ndiyo kelele zenyewe hizi."

"Baba mdogo," nilisema, "weka ndoo chini."

Aliniangalia. Kila mtu aliniangalia. Nilikuwa nimetumia sauti ninayoitumia wodini mgonjwa akitaka kuchomoa bomba la dripu. Sikujua kuwa sauti hiyo nilikuja nayo Itetemia.

"Tafadhali," niliongeza.

Akaiweka chini.

Nilichuchumaa karibu na bibi. "Mayu, wa nyuma ni nani?"

"Huyu mtoto!" Alishangaa kwa ujinga wangu. "Wa mbele ana bendera, kila mtu anamjua. Wa nyuma ndiye anayewaokota waliochoka na wenye vidonda. Mpaka aingie yeye, moto hauzimwi. Ukiuzima, kambi ataiona kwa macho gani?"

"Akiingia anafanyaje?"

"Anatua mzigo wake hapa." Alipiga ardhi kwa kiganja. "Anasema, 'Nyuma hakuna mtu.' Ndipo nafukia moto, tunalala."

"Na kwa nini unamsubiri wewe?"

Bibi Nyamizi alifunika mdomo kwa pindo la khanga, akacheka kama msichana aliyeshikwa akichungulia. "Si mume wangu? Nani mwingine atamwekea? Wa nyuma siku zote anakula ugali uliopoa."

Nyuma yangu nilisikia mama akivuta pumzi. "Baba mkwe," alinong'ona. "Jamani. Siku zote hizi anamsubiri baba mkwe, na sisi tunamwagia maji."

Niliinua uso kumtafuta Modest, na safari hii sikutafuta kitu cha kuangalia ardhini. Hakuhitaji kuambiwa. Aliingia ukumbini, akatoka na gunia la karanga, akalipandisha kichwani, akapita nyuma ya nyumba kwenda kushika njia ya mashariki.

"Tazameni," baba mdogo alisema. "Karani wa mizigo leo amebeba mzigo."

Tulimwona akija kwenye mwanga mwekundu, anayumba, gunia limemkalia kichwani kama kuku anayeatamia. Aliingia uwanjani, akatua gunia karibu na moto, akasema kwa sauti nzito, "Nyuma hakuna mtu."

Bibi alimtazama kuanzia juu mpaka chini.

"Huyu si wetu," alisema. "Kichwani wanabeba watu wa pwani. Wanyamwezi tunabeba begani."

Shangazi Bernadeta aliangua kicheko, akajiziba. Masikini Modest! Mjukuu wa wapagazi, amezaliwa Itetemia, amekataliwa kwao kama mgeni. Nilidhani atakata tamaa. Aliniangalia, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola ya lile shati la pasi, nikamtikisia kichwa kidogo tu: rudi.

Akarudi. Alilitupa gunia begani, akainama chini yake mpaka likatulia, akaondoka mpaka pale mashamba yanapoanza. Safari hii alikuja polepole, mguu kwa mguu, kama mtu aliyetembea kutwa nzima. Hakuigiza tena. Nadhani huko njiani alikuwa amefikiri ni nani anayemwendea. Alipofika alitua gunia mahali palepale bibi alipopapiga kwa kiganja.

"Nyuma hakuna mtu," alisema taratibu.

Bibi Nyamizi alichukua majivu kwa mikono miwili, akafukia moto kwa uangalifu, kila kaa, mpaka ukabaki moshi mwembamba. Alichukua kipande cha matobolwa kutoka sahani aliyokuja nayo mama, akamwekea Modest mkononi. Kisha akamfuta jasho la uso kwa pindo la khanga yake.

"Kimepoa," alimwambia. "Kula hivyo hivyo."

Modest alikula huku machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. Bibi aliingia chumbani mwake mwenyewe, akajilaza. Hakuna aliyegusa komeo.

Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, uso ndani ya viganja. Tulimwacha alie. Alipomaliza, alijifuta, na akawa mama mkwe tena.

"Sasa si ndiyo maana nasema ubaki?" alisema. "Umeingia mara moja tu na amelala. Nani mwingine ataweza hivi?"

"Modest," nilimjibu. "Mama, mimi sikubeba kitu. Nimeuliza tu, na bibi mwenyewe ametuambia anachotaka. Aliyempa ni Modest."

"Lakini wewe ndiye uliyejua kuuliza."

"Leo nimejua. Kesho atakuja na jambo jingine. Labda atakataa kula, labda atamwogopa hata Modest, na hapo mimi sitakuwa na jibu, nitakuwa mtu mwingine aliyechoka kando ya mlango uliofungwa. Nataka nirudi nikiwa na majibu zaidi ya moja. Wako wengi kama bibi, katika mkoa huu na mingine. Nampenda mwanao, mama." Hapo masikio yaliniwaka moto, lakini sikukoma. "Nitaolewa naye na nitamtunza bibi pamoja nanyi. Lakini hospitali siachi, na Dodoma nakwenda."

Baba mdogo Masolwa alikohoa. Shangazi alikuwa akinitazama kama mtu aliyepanda karanga akavuna kitu asichokijua jina.

Modest alisimama kando yangu. Bega lake la shati lilikuwa limechafuka kwa vumbi la gunia.

"Mama, nilikuahidi kitu kisichokuwa changu," alisema. "Nimekosa kwako na kwa Katarina. Sasa nakuahidi kilicho changu. Nikitoka stesheni jioni nitapitia ile njia, nitakuwa wa nyuma. Kila jioni, mpaka Katarina arudi. Na akirudi nitaendelea."

"Wewe? Mwanamume mzima, uwe unashinda na bibi kwenye mafiga? Watu watasema nini?"

"Watasema nyumba ya Mama Modest siku hizi inalala," alisema shangazi Bernadeta.

Mama alimtazama shangazi. Alitazama moshi uliokuwa ukimalizika. Kisha akatazama mlango wa uani, na tukauona mdomo wake ukitaka kucheka bila ruhusa.

"Mwaka mmoja," aliniambia. "Ukizidi nakufuata huko huko Dodoma nikiwa nimebeba gunia."

"Begani, mama," alisema Modest.

"Nyamaza, mtu wa pwani!"

Baba mdogo Masolwa alikwenda ukumbini, akarudi na lile komeo la mninga, akaligeuzageuza. "Mti mzuri huu," alisema, hakumtazama mtu. "Unatosha mguu wa kiti. Bibi hana kiti cha kukaa hapa nje."

Januari ilifika na mvua. Treni ilikuwa ya asubuhi, na Modest alikuwa zamuni, penseli sikioni. Sanduku langu hakumwachia kuli yeyote. Alilibeba mwenyewe, begani, na makuli wakampigia miluzi njia nzima.

"Karani, leo umeshushwa cheo!"

"Nimepandishwa!" aliwajibu.

Aliliweka sanduku chini ya kiti changu, akashuka, akasimama dirishani. Watu walikuwa wengi, wanaagana, wanapitishana vikapu na watoto. Hatukuweza kusema yale tuliyotaka. Tukasema ya nyumbani.

"Jana bibi alinikataa," alisema.

"Ulibeba kichwani?"

"Nilichelewa. Alisema wa nyuma wake hachelewi hivyo, akaniambia nirudi niingie tena. Juzi nilipokuwa zamu ya mchana hadi usiku, mama mwenyewe alikwenda njiani na kikapu cha mboga kavu za nsansa begani. Bibi akampokea. Lakini alimwambia ana mwendo wa bata."

Nilicheka mpaka mama aliyekaa karibu nami akacheka bila kujua sababu. Kisha filimbi ikalia.

Modest aliweka mkono wake kwenye ukingo wa dirisha. Niliweka wangu juu yake. Palepale, mbele ya mama wa watu, makuli na mkaguzi wa tiketi.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Hapana," nilisema, na ilikuwa kweli. "Nitakukosa. Lakini siogopi."

Behewa lilishtuka, likaanza kusogea. Alitembea nalo sambamba, mkono bado uko chini ya wangu, akiwakwepa watu na vikapu, mpaka jukwaa la stesheni likaanza kumwishia. Hapo akaachia. Alisimama kwenye ukingo wa mwisho kabisa, akaweka viganja mdomoni, akapiga kelele kwa nguvu hivi kwamba nadhani hata Igalula walimsikia.

"Kata! Usizime moto! Nyuma bado kuna mtu!"

Abiria wote waligeuka kunitazama. Nilitoa kichwa dirishani, upepo ukanichukua kitambaa, nikamtazama mpaka alipokuwa doa dogo la shati jeupe. Sikutazama chini hata mara moja.